Dirisha la Nne

Katika milima ya upande wa Kangundo, miaka ile nilipoanza kukabidhiwa mwiko wa uashi, hapakuwa na mtu aliyejengewa nyumba kwa ramani. Ramani zilikuwa mambo ya serikali na ya watu wa Nairobi. Sisi tulijenga kwa picha. Mwenye nyumba alikuja na picha aliyoikata gazetini, au kadi ya Krismasi, au hata picha ya harusi ya binamu yake ambamo nyuma ya maharusi ilionekana kona ya nyumba aliyoitamani, akaweka kidole hapo akasema, "Fundi, mimi nataka hii." Kazi yako ilikuwa kuitazama picha hiyo mpaka uchoke, kisha uitazame tena. Halafu unautafuta mlango, kwa sababu mlango ndio rula ya fundi. Ukishajua kwamba mlango ni futi saba, ukaupima pale kwenye picha kwa uzi, basi nyumba nzima umeiweka mfukoni.

Mimi nilikuwa bingwa wa picha. Nasema bila haya, maana kwa umri huu haya zimeniishia. Nilifundishwa na baba yangu, naye alifundishwa na msimamizi Mzungu walipokuwa wakijenga nyumba za serikali pale Machakos mjini, enzi za ukoloni. Baba alirudi kutoka kazi ile na timazi moja, lenzi ya kukuzia maandishi, na sheria moja tu: usiongeze, usipunguze. Ulichoonyeshwa ndicho unachojenga. Sababu si yako.

Baba aliwahi kuniambia kwamba siku moja alithubutu kuuliza kwa nini paa la nyumba ya bwana mkubwa limeinuliwa kwa mteremko mkali vile. Akajibiwa akabebe mawe. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba mapaa ya namna ile yalibuniwa kumwaga theluji. Paa lile lipo hadi leo, na theluji yake haijafika Ukambani. Na ofisi ya bwana mkubwa huyo, kwa nini waliiweka juu ya mwinuko? Hilo sikuhitaji kuambiwa. Mtu mwenye kesi alifika mlangoni akitokwa na jasho, pumzi zimemwisha, na nusu ya maneno aliyoyapanga ameyaangusha njiani. Waingereza walijua kujenga, tusiwanyime haki yao. Walijua hata ukuta na ngazi vinaweza kusema na mtu kabla karani hajafungua mdomo.

Sasa, katikati ya miaka ya tisini, kanisa letu liliamua kumjengea mchungaji nyumba. Mchungaji alikuwa kijana mpole mwenye mke na watoto watatu, wote wakilala katika chumba kilichokuwa stoo ya viti. Ikaundwa kamati. Mwenyekiti wake alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mzee mrefu aliyekuwa amewafundisha nusu ya watu wa mlima ule na kuwachapa wote. Mimi mwenyewe alinichapa kwa ajili ya hesabu za sehemu. Hatukumwita kwa jina. Alikuwa Mwalimu, basi, kana kwamba hapakuwa na mwalimu mwingine duniani.

Kanisa letu lilikuwa na urafiki na kanisa moja la kijijini huko Uingereza. Kila mwaka walitutumia kalenda yenye picha za kwao, na ukurasa wa Julai wa kalenda ile ulikuwa na nyumba ya zamani ya kasisi wao. Ilikuwa nyumba ya matofali mekundu, mlango mweupe katikati, na juu ya mlango kioo cha nusu duara. Madirisha manne chini, mawili kila upande, na matano juu. Dohani ilikuwa na vyungu vinne juu yake vya kupitishia moshi. Kila kitu upande wa kushoto kilikuwa na mwenzake upande wa kulia. Kamati iliitazama ikameza mate.

"Hii," Mwalimu akasema. "Hii hii. Wageni wetu wakikuja kufungua, waone tuko sawa na wao."

Ghorofa ya juu tuliiacha hukohuko Uingereza; mfuko wa kanisa haukuweza kupanda ngazi. Kilichobaki kilipitishwa kwa kauli moja, na wanakamati wote saba wakatia sahihi juu ya picha yenyewe, pale palipokuwa na nafasi, yaani juu ya mawingu ya Uingereza. Mwalimu akanikabidhi ukurasa kwa mikono miwili. "Fundi," akasema, "usiongeze, usipunguze." Nilikaribia kumkumbatia. Ni kana kwamba baba yangu alikuwa amefufuka akavaa tai.

Nikaanza kazi. Simenti ilitoka Athi River, matofali tuliyachoma wenyewe. Vile vyungu vya dohani vilinipa shida mpaka nilipokwenda kwa akina mama wafinyanzi nikawaomba vyungu vinne visivyo na matako. Walicheka siku nzima. Mmoja aliniuliza kama Wazungu wanapika supu ya kumwagika. Lakini walivifinyanga, na meko ya sebuleni, ambayo watu wote waliicheka, ilikuja kuwa mahali penye watu wengi zaidi mlimani kila baridi ya Julai ilipotushika.

Halafu nikafika kwenye dirisha la nne.

Nilikuwa nimeliona tangu siku ya kwanza, kwa lenzi ya baba. Dirisha la mwisho upande wa kulia halikuwa na kioo. Lilikuwa na kila kitu cha dirisha: kizingiti cha jiwe chini, tao juu, kingo zake zimenyooka vizuri. Lakini ndani ya kingo zile palijazwa matofali. Tena matofali yenyewe yalikuwa yamepauka kidogo kuliko yale ya ukutani. Nikawaza siku mbili. Ningeweza kwenda kwa Mwalimu nikamwuliza. Sikwenda. Nitasema ukweli: niliona kwamba kuuliza ni kazi ya mafundi wasiojua kutazama. Nikaamua kwamba huo ni urembo wa huko kwao, na urembo wa mtu haujadiliwi. Nikatengeneza kizingiti, nikainua tao, kisha nikasafiri hadi kwa mchomaji mwingine ng'ambo ya mto kutafuta matofali yaliyopauka kiasi kile kile. Nilipomaliza nilirudi nyuma hatua ishirini, nikalinganisha na picha, nikajipongeza kwa sauti.

Kwa miezi mingi hakuna aliyeliona. Upande ule ndiko tulikoweka mchanga na mbao, na watu waliokuja kukagua walisimama mbele ya mlango mweupe wakishangaa kioo cha nusu duara. Mwaka ukaisha, ukaanza mwingine. Mwezi wa Julai, wageni wakitarajiwa Agosti, tukaondoa mbao na kufagia uwanja. Mwalimu akaja na fimbo yake, akaizunguka nyumba polepole, akasimama.

"Fundi. Hapa kuna nini?"

"Hapo kuna dirisha, Mwalimu."

"Dirisha? Mimi naona ukuta."

"Ni dirisha ya ukuta, Mwalimu. Ndio vile iko kwa picha."

Alinitazama kama alivyonitazama zamani nilipomwambia nusu na robo ni sita. "Wewe ulisahau dirisha," akasema. "Ulisahau, ukaziba na tofali, sasa unasingizia picha. Leta hiyo picha tuone."

Nikaenda nyumbani kwa hatua za mtu mwenye haki. Niliinua godoro, mahali nilipoiweka ikiwa imeviringishwa pamoja na kalenda kuukuu. Haikuwapo. Nikatazama darini. Nikatazama ghalani, nyuma ya kabati, ndani ya buti zangu za mvua. Mke wangu akaniuliza kama nimetazama kwenye Biblia. Nikatazama kwenye Biblia. Mama yangu mzazi, aliyekuwa akiishi nasi, aliketi barazani akipukuchua mbaazi, akinifuata kwa macho kila nilikopita, na macho yake yalinikera kuliko maswali ya mke wangu.

Habari ya mlimani haihitaji gari. Kufikia Jumamosi, sokoni Kangundo nilikuwa nimekuwa wimbo. "Fundi, hiyo nyumba iko na mlango ama mtu anaingilia kwa chimni?" Muuza nyanya aliniita kwa upole akaniambia, "Mwiga tembo hupasuka msamba, ndugu yangu," kisha akaniongezea nyanya mbili za pole. Niliweza kuvumilia mizaha. Nilichoshindwa kuvumilia ni kwamba shule moja ya upande wa Matuu, iliyokuwa imeniahidi kazi ya madarasa manne, ilinitumia ujumbe kwamba watanijulisha. Kila fundi anajua maana ya watakujulisha. Jina la fundi ndilo jembe lake. Hana lingine. Mimi jina langu lilikuwa likibomolewa tofali baada ya tofali, na watu waliokuwa wakilibomoa walikuwa wakicheka.

Kamati ikakaa. Uamuzi ukawa huu: nikiileta picha kabla ya wageni kufika, nisafishwe mbele ya kanisa. Nisipoileta, litangazwe kanisani kwamba nimekosa, na fundi mwingine aitwe kulifungua dirisha. Fundi mwingine! Nilihisi kama nimeambiwa kwamba mtu mwingine atakuja kuniogesha.

Sikulala vizuri wiki zile, wala sikuwa mtu wa kuishi naye. Niligombana na mke, na jogoo, na kiti.

Shule zikafungwa. Asubuhi moja mke wangu alikuwa jikoni akivua majalada ya madaftari ya watoto yaliyojaa, apate karatasi za kuwashia moto. Mara nikasikia sauti yake, si ya kelele, sauti tu iliyonyooka: "Baba watoto. Kuja uone nyumba yako."

Hapo ndipo nilipokumbuka, na kukumbuka kwenyewe kulikuwa kama kumwagiwa maji. Sisi majalada ya madaftari tulitengeneza kwa mifuko ya simenti, kama ilivyo desturi ya nyumba yoyote ya fundi. Lakini Januari ile alikuja mwalimu mpya aliyetaka majalada meupe, masafi, yenye jina katikati. Karatasi nyeupe tutoe wapi? Kila nyumba ikashusha kalenda za mwaka uliopita, ikazigeuza upande wa nyuma, picha zikaingia ndani. Na kazi ile sikumwachia mtu. Niliifanya mwenyewe Jumapili baada ya ibada, kwa rula, kwa wembe, nikijisifu kwamba kona zangu zimekaa pembe mraba. Kalenda ya kanisa, iliyokuwa imeviringishwa na ule ukurasa chini ya godoro, niliigawa kwa watoto wote wanne bila hata kutazama picha. Nyumba ya kasisi wa Uingereza, pamoja na sahihi saba mawinguni, ilikuwa imekwenda shuleni na kurudi kila siku kwa miezi saba, ndani ya jalada la daftari la hisabati la binti yangu. Mkunjo ulipita katikati ya dohani. Dirisha la nne lilikuwa salama, na matofali yake yaliyopauka.

Nilikimbia. Nilikatiza mashamba ya kahawa bila viatu, na watu walioniona walidhani kuna msiba. Mwalimu alikuwa akinywa chai. Alivaa miwani, akaomba lenzi, akatazama mpaka chai ikaota utando.

"Umeiga sawasawa," akasema hatimaye. "Nilikukosea, kijana wangu. Lakini sasa wajinga ni watatu: wewe, mimi, na huyo Mzungu. Dirisha ya tofali ni ya kazi gani?"

Jumapili alisimama mbele ya kanisa, mzee yule ambaye sikuwahi kumsikia akimwomba mtu msamaha, akatangaza kwamba fundi hakuongeza wala hakupunguza. Watu walipiga makofi. Akina mama wakapiga vigelegele. Nilikaa nimenyoosha shingo kama mwenye kola ngumu, na nilifurahi, nilifurahi kupita kiasi. Ujumbe wa Matuu nao ukafika siku ya tatu: njoo uone uwanja. Habari ya mlimani haihitaji gari hata ikiwa njema.

Wageni wakafika, watu wanane. Mmoja wao alikuwa mama wa miaka kama sabini, mwembamba, mwenye kofia ya kitambaa na daftari dogo la kuchorea. Tuliambiwa kwamba huko kwao alikuwa amefundisha chuoni historia ya majengo na picha. Alipewa chumba cha wageni katika nyumba mpya, na chumba cha wageni kilikuwa kile cha mwisho kulia. Sikufikiria hilo. Nani angefikiria? Niliona ni heshima.

Asubuhi tulikusanyika uwanjani kwa chai: kamati, wageni, mchungaji na mkewe, mama yangu kwenye kiti chake. Yule mama wa Kiingereza alitoka akipapasa ukuta wa ukumbi, akasema chumbani mwake hakuweza kujua kama kumekucha, alikuwa ametafuta dirisha kwa mikono. Kisha akazunguka nje kulitafuta. Akaliona.

Kwanza alishika mdomo. Halafu alicheka mpaka akaketi kwenye nyasi na kofia ikamtoka. Nikahisi masikio yanawaka. Lakini alipoinuka alikuja moja kwa moja kwangu, akanishika mikono yote miwili, na mchungaji akatafsiri. Dirisha hilo alilijua, alisema. Alikuwa amelipita tangu utotoni, kijijini kwao. Wala si urembo. Zamani, kabla ya babu yake kuzaliwa, serikali ya Uingereza ilitoza watu kodi kwa madirisha. Watoza kodi walipita nje wakihesabu, na mwenye madirisha mengi alilipa zaidi. Matajiri waliongeza madirisha ili waonekane wanayaweza. Wengine waliyaziba. Na wenye nyumba za kupangisha mijini waliziba hata ya wapangaji, maskini wakabaki gizani, wakaugua, na madaktari wakalalamika miaka mingi kabla ya serikali kusikia.

Akatuambia zaidi, maana alikuwa mwalimu, na mwalimu akipata watu waliosimama kimya hawezi kujizuia. Alisema wachoraji wakubwa wa enzi hizo waliitwa na mabwana wawachore wakiwa mbele ya majumba yao, pamoja na mbwa na farasi, kila dirisha likimetameta. Fundi aliyejenga hachorwi. Mpangaji aliyezibiwa dirisha hachorwi. Ukitaka kuwaona hao, alisema, usiende kwenye picha, nenda ukutani, utafute matofali yaliyopauka. Miaka mingi baadaye, katika kitabu alichonitumia na nilichokisoma nikiwa na kamusi gotini, nilijua pia kwamba si kila dirisha la namna ile lilizibwa kwa sababu ya kodi. Mengine yalijengwa yakiwa yamezibwa, ili uso wa nyumba usiwe na chongo. Lakini siku ile sote tulimwamini, na lile la kijijini kwao nadhani alilijua.

Watu waliangua kicheko. Mzungu alihesabiwa madirisha! Mwalimu alikuwa akicheka huku akipiga fimbo chini. Sauti iliyokatiza kicheko ilikuwa ya mama yangu. Aliomba atafsiriwe tena, polepole, kwa Kikamba. Akasikiliza hadi mwisho.

"Kumbe hata wao walihesabiwa," akasema. "Mimi nilijua ni sisi tu."

Akasimulia. Alikuwa mdogo, hajaanza hata kuchunga mbuzi, wakati askari wa chifu walipopita wakihesabu nyumba. Kila kibanda kilikuwa na kodi yake. Baba yake alikuwa na vibanda vitatu: chake, cha mke wake, na cha mama yake mzee, aliyekuwa amelemaa miguu. Usiku wa kuamkia kuhesabiwa, alikibomoa kile cha mama yake kwa mikono yake mwenyewe, akatawanya nyasi na nguzo, akamhamishia kibanda cha mkewe, nyuma ya kizuizi cha mbuzi. Humo walilala watu tisa na moto ukiwaka. Nyanya yake alikuwa akikohoa kwa ule moshi. Alikohoa miaka miwili.

Mchungaji alitafsiri hayo kwa sauti ya chini, na yule mama wa Kiingereza akafunga daftari lake. Nilikuwa sijawahi kusikia habari ile. Nimekaa na mama yangu maisha yangu yote, nikijua mapaa ya Wazungu na theluji yao, na habari ya kibanda cha nyanya yake sikuwa naijua. Niliona aibu, na sikujua bado ni aibu ya nini.

Mama akanigeukia. "Baba yangu alibomoa kwa sababu alilazimishwa," akasema. "Na hawa waliziba kwa sababu walilazimishwa. Sasa wewe, mwanangu, nani alikulazimisha?"

"Picha, Mwaitu," nikasema. Ndivyo sisi tunavyomwita mama. Watu wakacheka tena, kidogo. Yeye hakucheka. Aliendelea kunitazama kama mtu anayesubiri jibu, akiwa na hakika kwamba mtoto wake analo.

Lakini Mwalimu alikuwa ameshapata moto wa jambo lingine. "Hapana! Hii dirisha isiguswe!" akasema, fimbo juu. "Hii iko na historia! Tutaweka kibao hapa, tuandike kwa Kiingereza na Kiswahili. Watu watatoka Machakos mjini kukuja kuona. Na fundi pia tutaandika: alijenga bila kuongeza, bila kupunguza." Wanakamati wakaitikia. Mmoja akaanza kupima ukuta kwa shibiri. Kibao chenye kazi yangu! Kama mtu angeniambia hilo mwezi uliotangulia, ningemchinjia mbuzi.

Nikamtazama mke wa mchungaji. Alikuwa amesimama kando akiwa na mtoto mgongoni, hakuna aliyemwuliza neno. Wageni wangeondoka, na chumba kile kingekuwa cha watoto wake. Nikamtazama mama.

"Mwalimu," nikasema. "Nilisahau dirisha."

"Nini?"

"Nilisahau dirisha. Ile siku uliniambia, ulisema kweli. Nipe kesho nirudishe."

"Lakini picha iko!" Mwalimu akasema. "Sote tumeona! Nilikutetea mbele ya kanisa nzima!"

"Picha haikusahau, Mwalimu. Ni mimi nilisahau dirisha ni ya nini."

Nadhani alinielewa kabla sijajielewa mwenyewe, kwa maana aliteremsha fimbo na kuuliza tu kama fremu itapatikana haraka. Nikasema seremala ni jirani yangu. Mke wa mchungaji akamhamisha mtoto kutoka mgongoni hadi kifuani na kuniletea chai ambayo sikuwa nimeiomba.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda na nyundo na tindo. Matofali yale niliyoyasafiria ng'ambo ya mto yalitoka kwa shida, maana nilikuwa nimeyajenga vizuri, na nitasema pia kwamba kila moja liliniuma kidogo. La kwanza lilipotoka, mwanga ukaingia chumbani ukaangukia kitanda. Yule mama wa Kiingereza alikuwa ndani, amekaa sakafuni na daftari lake, akanichora mimi na nyundo yangu kupitia tundu. Mama yangu alipita mlangoni, akaketi kitandani kwa mgeni bila kukaribishwa, akanionyesha kwa mkono niendelee, vumbi halimsumbui.

Nilitoa matofali kumi hivi. Jua lilikuwa limemfika mama yangu magotini. Nikamwuliza, tundu likiwa katikati yetu, nyanya yake alikuwa na sura gani. Alifanana na nani, mimi au binti yangu?

"Sijui," akasema. "Nilikuwa namsikia tu. Kulikuwa na giza."

Nikaweka tindo penye tofali lililofuata.